Gobore la babu na sheria ya leo



Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo kwa mtu wa mjini linaweza kuonekana ni la watu wa porini tu, nalo ni bunduki ya kuwindia. Kila mwaka inapofika Julai mosi, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, swali moja huulizwa tena na tena katika mkoa wetu wa Singida, hasa wilayani Manyoni na kule Itigi, ambako vijiji vinapakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Swali lenyewe ni hili: bunduki ipi ni halali kumpigia swala, na ipi ukikutwa nayo porini unahesabiwa kuwa jangili?

Wapo watakaosema kwamba jibu ni rahisi: kata leseni, chukua bunduki, ingia porini. Sivyo. Na kwa kuwa sivyo, wapo watu wanaojikuta mahakamani huku wakiamini kabisa kwamba hawakuvunja sheria yoyote. Naomba basi wewe wa mjini usizime redio. Kabla hatujamaliza utaona kwamba nawe umo.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria zenyewe. Mwindaji wa Tanzania anatawaliwa na sheria mbili zinazokaa katika ofisi mbili. Ya kwanza ni sheria ya silaha, iliyo mikononi mwa Polisi. Kwa miaka mingi ilikuwa Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, kisha mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi kuchukua nafasi yake. Hii ndiyo inayosema nani anaweza kumiliki bunduki, aombe wapi na aitunze vipi. Ya pili ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Ya zamani ilikuwa ya mwaka 1974, na iliyoirithi ni ile namba 5 ya mwaka 2009. Hii ndiyo inayosema mnyama yupi awindwe, wakati gani, mahali gani na kwa chombo gani.

Sasa tazama inavyoweza kutokea. Mfanyabiashara ana shotgani aliyoipata kihalali kabisa kwa ajili ya kulinda duka lake. Kitabu anacho, namba ya bunduki inajulikana polisi, na kila mara anapotakiwa kuipeleka kuhakikiwa huipeleka. Siku ya Jumamosi anaiweka ndani ya gari, anaelekea porini na kumpiga kongoni. Mbele ya sheria ya kwanza bunduki yake ni safi. Mbele ya sheria ya pili yeye ni mkosaji, kwa sababu kumiliki bunduki ni ruhusa moja na kumwinda mnyama ni ruhusa nyingine, na hata akiwa na ruhusa zote mbili, bado bunduki yenyewe lazima ilingane na mnyama.

Kulingana vipi? Bunduki hupimwa kwa upana wa tundu la mtutu wake, na kipimo hicho kwa desturi huhesabiwa kwa sehemu za inchi. Kwa wanyama wakubwa na wa hatari, kama vile tembo, nyati na simba, kiwango cha chini kinachokubaliwa nchini ni bunduki ya .375, ile ambayo wawindaji huiita tatu-saba-tano. Upana wake ni kama milimita 9 na nusu. Kwa wanyama wengine wa mbugani, kama swala na kongoni, kiwango cha chini ni .240, yaani kama milimita 6 na kidogo. Ile bunduki ndogo ya .22, ambayo wengi huiona inatosha kwa swala kwa kuwa haina kishindo, haifiki kiwango hicho. Shotgani nayo, inayotawanya marisau, ni bunduki ya kanga na kwale.

Aidha, sheria inakataza bunduki inayojipakia yenyewe na kumimina risasi mfululizo. Inakataza chombo cha kuzuia mlio. Inakataza sumu, mitego ya waya, mashimo, nyavu, moto, na kummulika mnyama kwa taa usiku. Inakataza pia kumpiga mnyama ukiwa umekaa ndani ya gari, jambo ambalo waheshimiwa wengi wa mjini hulifanya na kulisimulia bila aibu.

Ndugu msikilizaji, sheria hizi zina sababu, na sababu zenyewe ni nzito. Anayeijua Itigi anajua vile vichaka vyake. Ni vichaka vizito, vimefungamana kiasi kwamba mtu aliye hatua kumi mbele yako humwoni. Nyati akipigwa kwa bunduki dogo, hafi. Huingia kichakani na jeraha lake, akakaa humo akiugulia. Mwindaji akiogopa kumfuata, hurudi nyumbani kwake. Atakayekutana na nyati huyo kesho yake ni mama anayetafuta kuni, au mrina asali aliyekwenda kuangalia mizinga yake. Yeye hakuwinda, hana bunduki, na wala hajui kwamba mbele yake kuna mnyama mwenye hasira. Kwa hiyo anayeweka kiwango cha bunduki anamlinda huyo mama kabla ya kumlinda nyati.

Kadhalika na swala. Swala aliyepigwa kwa kitu hafifu hukimbia maili nyingi na kwenda kufia pengine, nyama yake ikaliwa na fisi. Mwindaji aliyekosa kitoweo hutafuta wa pili. Katika hesabu ya Serikali amekufa swala mmoja, na porini wamekufa wawili au watatu.

Wala jambo hili la Serikali kuchagua bunduki ya mwindaji si la Tanzania peke yake. Huko Marekani, ambako wanawinda wale kulungu wao wenye pembe za matawi, kila jimbo lina kanuni zake. Majimbo ya uwanda ulio tambarare na wenye mashamba na nyumba nyingi yalikataza raifo kwa miaka mingi, kwa hofu kwamba risasi ikimkosa mnyama itakwenda mbali na kumpata mtu. Wawindaji waliambiwa watumie shotgani yenye risasi moja nzito, ambayo haifiki mbali. Kisha kanuni zikaanza kulegezwa. Ohio iliruhusu mwaka 2014 raifo zinazotumia risasi ambazo ganda lake limenyooka kama bomba, kwa kuwa risasi hizo hupoteza nguvu mapema. Iowa ikafuata mwaka 2017. Illinois nayo, mwaka 2023, ikaruhusu raifo za aina fulani zinazopakiwa risasi moja moja.

Nimeitaja Marekani kwa sababu ya namna wanavyofanya mabadiliko hayo. Kabla ya msimu, kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni za uwindaji. Mkulima anakisoma kwa lugha anayoizungumza nyumbani kwake. Kanuni ikibadilika, anajua ni lini imebadilika, na bunduki mpya inayotakiwa ataikuta dukani mjini kwake.

Hebu sasa turudi nyumbani na tuangalie historia yetu, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo.

Njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipita katika pori lililokuwa likiitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi. Pori hilo ndilo tunaloliita leo Itigi na majirani zake. Kwa njia hiyo bunduki ziliingia bara kwa maelfu. Ruga-ruga wa Mtemi Mirambo walikuwa nazo. Hata wawindaji wa ndovu waliozoea mikuki na mishale ya sumu wakaanza kujifunza baruti.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, nchini Ubelgiji, yakatia sahihi mkataba uliosemekana kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo mlikuwa na vifungu vya bunduki. Katika sehemu kubwa ya Afrika, nchi yetu ikiwamo, ilikatazwa kuingiza raifo na bunduki za kisasa kwa ajili ya wenyeji. Kilichoachiwa mlango kilikuwa ni zile bunduki za zamani zisizo na mifuo ndani ya mtutu, zinazopakiwa kwa mbele, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, mkataba uliamua kwamba bunduki ya Mwafrika, kama atakuwa nayo, iwe gobore.

Wajerumani walipoendelea kutawala, Gavana Hermann von Wissmann alitoa mwaka 1896 amri ya kwanza ya jumla ya wanyamapori katika nchi hii, yenye leseni za kuwinda na maeneo yaliyofungwa. Waingereza nao wakaja na sheria zao, ya mwaka 1921, ya 1940 na ya 1951. Katika miaka yote hiyo mpangilio ulikuwa ni ule ule. Raifo ilikuwa ya mzungu, ya askari, na ya bwana nyama pamoja na wasaidizi wake. Mwafrika wa kawaida aliyebahatika kupata kibali, mbali na watu wachache kama machifu, alipata kibali cha gobore. Kwa gobore hilo alilinda shamba lake dhidi ya nguruwe na nyani, na siku njema alipata kitoweo.

Hivyo ndivyo gobore lilivyoingia katika nyumba zetu. Baba alimrithisha mtoto, na mtoto akamrithisha mjukuu. Mafundi wa vijijini wakajifunza kulitengeneza kwa bomba la maji na kitako cha mninga. Hakuna aliyelichagua kwa kuwa ni bora. Lilichaguliwa na watawala, wakati huo kwa sababu kwamba ni dhaifu.

Leo sheria imegeuka. Udhaifu uliolifanya gobore likubalike ndio unaolifanya likataliwe. Lile la kutengenezwa kijijini, lisilo na namba wala kibali, ni kosa kuwa nalo hata kama halijawahi kutoka uvunguni mwa kitanda. Mwenye nalo amebaki palepale alipokuwa babu yake, akishika kitu kilekile. Ni sheria ndiyo iliyohama, na wakati wa kuhama haikumpitia kumwambia.

Hatuna budi kusema pia kwamba sheria haikuhama bila sababu. Baada ya uhuru tulipata majanga. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji wote nchini, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1978. Katika miaka ya 1980 ndovu waliuawa kwa wingi mno, hata mwaka 1989 ikaanzishwa Operesheni Uhai, iliyowaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Kisha vita vya nchi jirani za Burundi, Rwanda na Kongo vikamwaga bunduki za kivita katika mikoa ya magharibi. Bunduki ile ambayo taarifa za polisi huiita SMG ikaingia mikononi mwa majangili. Askari wa wanyamapori mwenye raifo ya kupakia risasi moja moja alikabiliana na mtu anayemimina risasi thelathini kwa pumzi moja.

Idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mapori yetu ya Rungwa, Kizigo na Muhesi hayakunusurika. Hakuna Serikali ambayo ingekaa kimya. Mwaka 2004 Tanzania na nchi jirani zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, na hiyo ni moja ya mizizi ya sheria ya 2015. Mwaka 2016 wenye bunduki nchini kote walitakiwa kuzipeleka kuhakikiwa. Mwaka huo huo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi.

Lakini tukumbuke pia Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013. Lengo lake lilikuwa jema, lakini malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa na hata kufa yalikuwa mengi mno hadi ikasimamishwa mwanzoni mwa Novemba, na Desemba ya mwaka huo mawaziri wanne wakaondoka katika nafasi zao. Somo la Tokomeza ni kwamba Serikali inaweza kuwa na haki katika jambo lenyewe, ikakosea katika namna ya kulifanya, na anayeumia akawa ni yule mdogo.

Naam, huyo mdogo ni nani hapa Singida?

Chukua mfano wa mkulima wa alizeti na mtama aliye pembezoni mwa pori. Mtama unapokomaa, tembo wanakuja usiku. Zamani angefyatua gobore hewani. Siku hizi anapiga debe, anachoma pilipili, anawasha moto, na mara nyingine tembo wanamtazama tu. Akipoteza shamba, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, na akipoteza ndugu, zipo za kifuta machozi. Majina hayo yenyewe yanakwambia kwamba si fidia. Ni kweli sheria inamruhusu mtu kumwua mnyama katika kujihami, mradi atoe taarifa na mnyama abaki kuwa mali ya Serikali. Lakini atajihami kwa nini, iwapo chombo pekee alichonacho ni kosa kukitoa nje?

Au wachukue Wahadzabe wa kijiji cha Munguli, wilayani Mkalama. Hawa ni watu wa upinde na mshale tangu kabla ya bunduki kuvumbuliwa. Sheria kwa ujumla inakataza silaha yenye sumu, na mshale wa Mhadzabe bila sumu ni kijiti. Kwa hiyo maisha yao yamebaki kutegemea ruhusa za pekee na busara ya maofisa waliopo. Ofisa mwenye busara akihamishwa, busara nayo inaweza kuhamishwa pamoja naye.

Na adhabu si za mchezo. Nyama isiyo na kibali ni nyara ya Serikali. Magazeti yetu yamewahi kuandika habari za watu waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 na zaidi kwa kukutwa na vipande vya nyama ya swala. Wengine waliachiwa na mahakama za juu, lakini si kabla ya kuonja gereza. Sheria ni msumeno, walisema wahenga, hukata mbele na nyuma. Lakini seremala mwema huonyesha kwanza mstari atakaokata.

Kwa upande mwingine, ndugu yangu wa mjini, naomba tutazamane. Nani anakula nyama iliyokaushwa inayoingia mjini usiku ndani ya magunia ya mkaa? Si mwanakijiji. Nani ana raifo ya tatu-saba-tano yenye darubini, na gari la kuifikisha porini? Si mkulima wa alizeti. Jangili anayetumia bunduki yenye namba na kitabu kamili aliipata wapi, kama si kwa mtu wa heshima aliyemwazima kwa makubaliano ya kugawana? Bunduki ya aina iliyoruhusiwa, ikiwa mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa, inaua sawasawa na SMG. Kiwango cha mtutu hakizuii tamaa ya mwenye bunduki. Kwa hiyo tusidhani kwamba tukishayakusanya magobore yote ya Manyoni tutakuwa tumeumaliza ujangili. Tutakuwa tumemwondoa mtu aliye rahisi kukamatwa.

Je, basi nasema magobore yarudishwe? Hapana. Gobore ni bunduki mbaya. Humlipukia mwenyewe usoni, hujeruhi mnyama bila kumwua, na haliwezi kumsimamisha nyati. Viwango vya .375 na .240 ni vya haki na vibaki. Ninachosema ni kwamba Serikali inayomwondolea mtu chombo alichokirithi kwa sababu za sheria ya zamani inadaiwa naye mambo matatu.

La kwanza ni taarifa. Kanuni za uwindaji na silaha zimekuwa zikiandikwa kwa Kiingereza na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, ambalo katika vijiji vingi halijawahi kuonekana hata kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Basi kanuni hizi ziwe miongoni mwa zile za mwanzo kumfikia mwananchi kwa Kiswahili. Zifupishwe ukurasa mmoja: bunduki zipi, wanyama wapi, miezi ipi, leseni inakatwa wapi. Zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya Julai mosi, na zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Karatasi na gundi si gharama ya kuishinda Serikali.

La pili ni muda. Serikali imewahi kutoa nafasi ya watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, mathalani mwaka 2022. Huo ni uungwana, na unapaswa kuwa wa kawaida kila kanuni inapobadilika. Lakini mtu wa Rungwa asitakiwe kubeba gobore barabarani mwendo wa siku nzima kwenda kulisalimisha, maana njiani akikutana na doria, ataeleza nini? Ofisa aende kijijini kwa siku iliyotangazwa, apokee, aandike, ampe mtu stakabadhi yake, na mambo yaishe.

La tatu ndilo kubwa zaidi, nalo ni njia halali. Huwezi kufunga mlango mmoja wa nyumba bila kuacha mwingine. Mkoani Iringa, katika miaka ya 1990, vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga vilipewa mgao wa wanyama wa kuwindwa, vikaiuza haki hiyo kwa vikundi vya wawindaji wenye leseni na bunduki zinazofaa, na fedha zikaingia vijijini. Majirani zetu wa Tabora wana Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori za Ipole na Uyumbu. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori, ili anayetaka nyama hiyo ainunue mchana kweupe na kupewa risiti. Kwa nini vijiji vinavyopakana na Rungwa na Muhesi visiwe na mgao wao? Kwa nini kijiji kisiwe na askari wake wa wanyamapori aliyefunzwa, mwenye raifo moja nzuri inayofungiwa kituo cha polisi na kutolewa kwa maandishi, ili tembo wakija shambani awepo mtu wa kuitwa usiku huo huo badala ya juma lijalo?

Wapo watakaonijibu kwamba mlango ukifunguliwa hata kidogo, wanyama watakwisha. Hofu yao si ya kupuuzwa. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu wapatao milioni 1.37, na katika ile ya 2022 tulivuka milioni 2. Hatuwezi sote kula swala, hilo ni wazi hata kwa mtoto. Ndiyo maana nimesema mgao, sikusema ruksa. Mgao una hesabu. Kijiji kinachojua kwamba mwaka huu kina pofu watano na swala kumi, na kwamba fedha zao zitajenga zahanati, kitamkamata jangili kabla askari hajapata habari. Kijiji kisicho na chochote hakina sababu ya kumtaja mtu.

Na wewe wa mjini, usiyeombwa kutunga kanuni wala kulinda mtama, una kazi mbili nyepesi. Ukiletewa nyama usiku, uliza risiti. Na kama una raifo, ikae ndani ya kabati la chuma, na ufunguo uwe nao mwenyewe. Rafiki akiomba kuiazima kwa siku mbili tu, mkatalie, urafiki utapona.

Ndugu msikilizaji, wakati wetu umekwisha. Msimu ujao wa Julai hauko mbali, na karatasi moja ya Kiswahili ukutani kwenye ofisi ya kijiji inaweza kumwepusha mtu na miaka 20 ya gerezani. Wanaohusika wametusikia.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia kila la heri.